Twiga wa Malindi na Kivoi wa Kitui

Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika baraza la Yongle, mfalme mkuu wa Uchina wa ukoo wa Ming. Wachina walimfananisha na qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye huonekana duniani enzi ya mfalme mwadilifu. Waandishi wa baraza wakaingiza habari hiyo katika vitabu vyao, pamoja na tunu ambazo mataifa ya mbali yalileta kuonyesha utii.

Msomaji wa habari hii hana budi kusita kidogo. Malindi haikutawaliwa na Uchina hata siku moja. Merikebu za jemadari Zheng He zilifika pwani yetu miaka michache baadaye, kisha zikaondoka bila kuacha liwali wala askari. Vigae vya Kichina vilivyochimbuliwa Gedi vyashuhudia biashara, wala havishuhudii utawala. Kwa nini, basi, zawadi ikaandikwa kuwa utii? Wahenga walikwisha kujibu: mwamba ngozi huvutia kwake.

Majirani wa karibu wa Uchina waliujua mtindo huo vizuri. Wajumbe wa Korea walileta bidhaa, wakasujudu, kisha wakarudi kwao na hariri pamoja na ruhusa ya kufanya biashara. Mfalme alihesabu heshima. Wageni nao walihesabu faida. Hapana shaka Uchina iliwaathiri sana majirani zake: Korea, Japani na Vietnam zilipokea maandishi yake na mafundisho ya Confucius. Hata hivyo hawakupokea kama mtungi upokeavyo maji. Wajapani walitengeneza herufi zao kutokana na zile za Kichina. Mwaka 1446 mfalme Sejong wa Korea aliwatangazia watu wake alfabeti yao wenyewe. Nao Wavietnam, waliotawaliwa na Uchina kwa muda wa kama miaka 1000 hadi karne ya 10, walitwaliwa tena na Ming mwaka 1407, wakawafukuza baada ya miaka 20. Vitabu vya baraza vyatufaa tukitaka kujua ni nani aliyekuja na alileta nini. Havitoshi kutuambia moyoni mwake alikuja kwa nia gani.

Kasoro ya namna hiyo tunaiona pia katika habari za kwetu. Mwaka 1849 mmisionari Ludwig Krapf alifika Kitui akapokewa na Kivoi, na katika kitabu chake akamwita chifu. Krapf alitoka Württemberg, nchi ya Kijerumani iliyokuwa na mfalme. Alipomwona mtu mwenye mali na wafuasi wengi, alimpa cheo alichokizoea. Lakini Wakamba wa siku zile hawakuwa na machifu. Mambo yao yaliamuliwa na atumia, yaani wazee, katika baraza lililoitwa nzama. Kivoi alikuwa mfanyabiashara mkubwa aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu mpaka pwani. Watu walimfuata kwa sababu ya busara yake na faida waliyoipata kwake, na aliyetaka kumwacha aliweza. Krapf hakusema uongo. Alipima kwa kipimo cha kwao.

Wakamba nao, bila kiti cha enzi, waligusa maisha ya majirani. Kutoka vilima vya Mbooni, katika Makueni ya leo, walivuka mto Athi wakaenea Kitui, na misafara yao ikaunganisha bara na Mombasa. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliuona mlima wenye theluji akiwa Kitui, akaandika jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba. Jina hilo sasa ni la taifa zima la Kenya.

Hapa kijana wa Kitui au Makueni atafurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini ajihadhari asije akashika kalamu ya waandishi wa Ming. Wagikuyu waliokaa chini ya mlima huo waliuita Kirinyaga, na hawakungoja mtu wa ng'ambo ya mto Tana awaambie jina lake. Matamshi ya Kikamba yaliingia kitabuni kwa kuwa mwandishi alikuwa mgeni wa Mkamba siku ile. Hilo ni jambo la kujivunia kama ukarimu na biashara, wala si dalili ya ukuu juu ya jirani.

Kwa hiyo kila usomapo kwamba taifa fulani liliwatukuza au kuwaelimisha wenzake, uliza mambo matatu. Ni kitu gani hasa kilichotoka mkono huu kwenda mkono ule? Ni nani aliyeandika? Na yule wa upande wa pili, kama angepewa kalamu, angekiitaje kitendo hicho? Uulize hivyo hata mbele ya kitabu kinachowasifu watu wako. Hapo ndipo swali huwa gumu, na ndipo lenye manufaa zaidi.