Adui wa Mistari Minne

Katika michezo ya kuigiza inayochezwa mezani kwa dadu, karatasi na mdomo, kila mchezaji humbeba mhusika mmoja, na mwendesha mchezo huibeba dunia yote iliyobaki. Ndani ya dunia hiyo majoka ni machache. Maadui wengi ni watu wa kawaida wenye silaha: mlinzi wa lango, jambazi wa njiani, askari wa doria. Kubuni joka si kazi kubwa, maana ukubwa wake hufunika kasoro zote. Mimi huvutiwa na fundi anayejua kumuumba mlinzi wa lango, kiumbe atakayeishi zamu tatu kisha asahaulike, na bado zamu hizo tatu ziwatoe wachezaji jasho.

Ufundi huu ulizaliwa jeshini. Mwaka 1824 luteni wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za kupigana vita juu ya ramani, mbele ya mwamuzi aliyejua kila upande umejificha wapi. Miaka 150 baadaye, 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson wakatoa Dungeons & Dragons, na mwamuzi yule akaongezewa kazi ya kuwa adui mwenyewe.

Mtazame goblin, zimwi dogo, alivyoandikwa katika kanuni za mchezo huo za 2014. Uhai wake ni alama 7, kinga yake 15, upanga wake hutoa dadu moja ya pande sita na kuongeza 2. Anayependa hesabu tu ataishia hapo. Lakini upo mstari mmoja zaidi: katika zamu ileile aliyopiga, goblin anaweza kuchomoka au kujificha. Basi. Mstari huo mmoja umemweleza mwendesha mchezo tabia nzima ya kiumbe huyu, kwamba hasimami uso kwa uso na mtu hata siku moja. Kobold, mwenye uhai wa alama 5 tu, hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo bora endapo mwenzake yuko karibu na anayeshambuliwa. Hakuna aya inayoeleza kwamba kobold huishi kwa ushirika. Dadu zenyewe zinasema.

Toleo la 2008 lilipunguza zaidi: likaleta vibaraka wenye alama 1 ya uhai, pigo moja na mtu yuko chini. Meza huenda mbio, sikatai. Ila kupunguza alama bila kuongeza tabia hakumfanyi adui awe mwepesi. Kunamfanya awe idadi, na idadi haimtishi mtu.

Mwendesha mchezo aliyeketi Mahoo, huku Taveta, hana haja ya kuagiza mazimwi ng'ambo. Kwenye barabara ya kwenda Voi kipo kilima cha Salaita. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914 na kukigeuza kilima hicho ngome. Tarehe 12 Februari 1916 kikosi cha Waingereza cha watu wapatao 6,000, wengi wao Waafrika Kusini wageni kabisa na pori hili, kilikishambulia. Waliokilinda hawakufika 1,500. Mizinga ilikitwanga kilele. Mahandaki yalikuwa chini, miguuni pa kilima, yamefunikwa na vichaka. Washambuliaji walipokwama, askari wakatoka kuwakabili kwa singe, na Waafrika Kusini wakarudi nyuma chini ya ulinzi wa Wabaluchi wa jeshi la India.

Sasa mwandike askari huyo kwenye kadi. Uhai kidogo, bunduki moja. Kisha mstari wa kwanza wa tabia: haonekani mpaka afyatue, isipokuwa mchezaji awe ametamka kwamba anatazama chini ya kilima. Wa pili: akiona migongo, anatoka handakini. Mistari minne kwa jumla, na wachezaji watano wenye silaha bora watapata tabu mchana kutwa. Nguvu yake yote imo katika pale alipokaa na ule wakati anaoungoja, mambo yasiyohitaji hesabu hata moja.

Masimulizi ya Taita Taveta yana pia mwanamke wa Kijerumani, mdunguaji aliyejificha ndani ya mbuyu. Ukweli wake nawaachia wanahistoria. Kwa adui wa mezani hana la kuongezewa: hatembei, haonekani, risasi zake zinahesabika.

Jambo ninaloliona limedharauliwa kuliko yote ni ari. Katika kanuni za 1981 za mchezo uleule wa Gygax na Arneson, kila adui alikuwa na namba ya ari, kati ya 2 na 12. Wenzake wakianza kuanguka, mwendesha mchezo hurusha dadu mbili; zikiizidi namba hiyo, adui anakimbia au anajisalimisha. Goblin ana 7, ila mfalme wake akiwapo hupanda hadi 9. Meza nyingi za leo zimeisahau kanuni hii, na ndiyo maana majambazi wao hupigana hadi tone la mwisho kwa ajili ya mfuko wa unga.

Ijaribu kwa doria ambazo Wajerumani walizituma kuvuka nyika kavu kwenda kulipua reli ya Uganda. Vilikuwa vikundi vidogo, na kiu ilikuwa adui yao kama Waingereza. Kadi: uhai 4, bunduki, ari 9. Lengo: kutega baruti relini na kurudi bila kupigana. Maji yakimwagika, ari hushuka hadi 5. Mchezaji mwerevu ataacha kuwalenga watu na kulenga viriba, na hapo mwendesha mchezo anajua kazi yake imesomwa.

Katika doria hiyo mwongeze mpagazi mmoja. Hana silaha, ari yake ni 4, na mstari wake wa tabia ni kwamba yeye peke yake anajua kisima kilipo. Wachezaji wengi watamfyatulia kabla ya kumuuliza chochote.