Maradhi Yasiyotajwa

Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, akimuusia bintiye. Anamweleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Ni maradhi gani, hasemi. Wahakiki tumebishana mno juu ya utiifu anaoufundisha, tukaupita ubeti huo kama kizingiti tu. Hali mwili wa mume unakandwa, unapepewa, ndevu zake zinatengenezwa. Mwili wa mtunzi umepata dokezo, kisha dua.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alikutaja kutoa mimba waziwazi katika Rosa Mistika. Lakini Rosa anaishia kujiua: mwili wa mwanamke ulitajwa, na papo hapo ukaadhibiwa. Kati ya kimya kile na adhabu hii, wapi atakaa mwanamke aliyeharibikiwa mimba, au aliyekoma hedhi, asiye na kosa lolote?

Nauliza kwa kuwa yalinifika. Niliharibikiwa mimba nikiandika tasnifu ughaibuni. Mama alipopiga simu, nilimjibu, “Naumwa kidogo tu, mama.” Naye hakuuliza naumwa nini. Siku hizi, nikiufundisha utendi huu, naanza na swali hilo kabla ya utiifu.