"Haina Mgogoro": Maneno Mawili Yasiyotoa Taarifa

Mtu anayetafuta nyumba mjini Njombe, au Makambako ambako barabara ya Songea huachana na barabara kuu ya Tunduma, aghalabu hupokewa kwa maneno mawili: "haina mgogoro". Dalali huyatamka, tangazo huyarudia, na mkataba wa mauziano huyatia muhuri. Yafaa tujiulize kama maneno hayo yanastahili kuitwa taarifa.

Mgogoro ni ugomvi uliokwisha kuzuka baina ya watu. Nyumba iliyowekwa rehani haina mgogoro maadamu mkopo unalipwa. Nyumba ya ndoa inayouzwa kwa siri haina mgogoro mpaka mke apate habari. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara haina mgogoro mpaka ipigwe alama ya X. Na kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Kwa mji wa njiapanda kama Makambako, hilo si jambo dogo. Wauzaji wote watatu waweza kusema "haina mgogoro" wala wasiwe wamesema uongo. Hapo ndipo ulipo upungufu: maneno yanahusu ugomvi, ilhali mnunuzi ataka kujua hali ya mali.

Sheria zetu ni makini zaidi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamwekea mnunuzi wajibu wa kumwuliza muuzaji kama ridhaa hiyo imetolewa. Swali ni mahususi, na jibu halina budi kuwa mahususi. "Haina mgogoro" ni jibu la swali jingine.

Neno "taarifa" nalo limetwishwa mzigo mzito. Sheria ya Ardhi inataka Kamishna wa Ardhi ajulishwe kuhusu uhamisho wa miliki. Karatasi hiyo huitwa taarifa, na maelezo anayopewa mnunuzi huitwa taarifa pia. Kwa hiyo ni rahisi muuzaji aliyeijulisha serikali kudhani kwamba amekwisha kumtendea haki mnunuzi. Tunapendekeza "arifa" kwa ile iendayo kwa Kamishna, na "tamko la muuzaji" kwa yale anayoelezwa mnunuzi.

Baadhi ya wafasiri wamekimbilia "ufichuzi". Neno hili halifai. Polisi hufichua wizi, na gazeti hufichua rushwa. Anayefichua hutoa siri ya mwingine. Mwenye nyumba anayetaja ufa wa ukuta wake hafichui, bali anabainisha. "Ubainishaji" unamfanya mkweli aonekane mwungwana, si mtu aliyebanwa.

Nchi nyingine zimekwisha kuitenga kazi hii na maneno ya jumla. Katika jimbo la California nchini Marekani, tangu mwaka 1987 muuzaji wa nyumba ya makazi hujaza fomu ya kasoro anazozijua, kipengele kwa kipengele. Nasi tunaweza kuandika tamko la muuzaji lenye vipengele vichache: jina la mwenye miliki, rehani, ridhaa ya mwenzi, mipaka na hifadhi ya barabara, kodi ya pango la ardhi, na kasoro za jengo. Kila kipengele kijibiwe peke yake.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini Tanzania. Wafasiri na watumishi wa halmashauri wanaotunga vielelezo vya mikataba wasiyahamishe maneno ya dalali kama yalivyo. Mwananchi anayenunua nyumba kwa akiba ya miaka mingi ya chai au mbao anastahili kuelezwa anachonunua, kwa maneno ambayo mahakama nayo itaweza kuyapima.