Mafuta ya mwani hupitia utandoni

Mwani ukinyimwa nitrojeni huacha kukua, ukaanza kujaza matone ya mafuta. Yanatoka wapi? Maabara ya Christoph Benning, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, ilichapisha jibu mwaka 2012, na jibu hilo linatupeleka kwenye tando za kloroplasti.

Mwani wenyewe ni Chlamydomonas reinhardtii, wa seli moja tu, si ule unaofungwa kwenye kamba kule Paje, Zanzibar. Kloroplasti yake hutengeneza asidi za mafuta zenye kaboni 16 na 18. Mbili zikishapachikwa kwenye gliseroli, kimeng'enya huongeza sukari moja ya galaktosi. Hiyo ndiyo lipidi kuu ya tando zinazonasa mwanga. Kisha hufanyiwa marekebisho papo hapo utandoni: vimeng'enya vingine huondoa hidrojeni na kuweka vifungo maradufu, hadi vitatu kwenye asidi ya kaboni 18 na vinne kwenye ile ya kaboni 16.

Watafiti walivuruga jeni za mwani bila kuchagua, wakatafuta ulioshindwa kulimbikiza mafuta. Mmoja ulikuwa na hitilafu kwenye jeni waliyoiita PGD1. Protini yake, ilipozalishwa ndani ya bakteria na kusafishwa, ilinyofoa asidi moja kutoka kwenye lipidi ya galaktosi. Lakini ya kwenye neli ya maabara si lazima yawe ya ndani ya seli. Kwa hiyo waliulisha mwani asetati yenye kaboni-14, wakaiondoa, wakafuatilia alama yake: sehemu kubwa ya asidi zilizoishia kwenye mafuta zilikuwa zimepitia kwanza lipidi za galaktosi.

Jaribio lililokata mzizi wa fitina, kwa maoni yangu, ni la sumu. Mwani usio na PGD1 ulipauka na kufa ulipokosa nitrojeni. Ni rahisi kudhani ni njaa. Wao wakautia DCMU, dawa ya magugu inayozuia mwendo wa elektroni katika usanisinuru, nao ukanusurika! Kumbe muuaji alikuwa nishati ya mwanga iliyokosa pa kwenda, ikazalisha oksijeni haribifu. Kutengeneza mafuta humeza elektroni hizo.

Wanaoota dizeli ya mwani waanze hapo: mafuta hayo ni akiba, na pia ni kinga dhidi ya jua.