Mgeni Kwenye Nyumba ya Mgonjwa

Mchungaji anayeijua kazi hutambulika pale anapokaa. Katika nyumba nyingi za mashambani kwenye kaunti za Homa Bay na Migori, Kenya, mgonjwa aliyerudishwa kutoka hospitali kwa kuwa hakuna tena la kufanywa hulazwa sebuleni, karibu na mlango, apate hewa na awaone wanaopita. Mtumishi wa Mungu akiingia, huwekewa kiti kikubwa chenye kitambaa. Mwanagenzi hukikalia, akafungua Biblia, akaanza. Fundi huomba kigoda. Hukisogeza hadi macho yake na ya mgonjwa yawe usawa mmoja, huiacha Biblia imefungwa magotini, kisha humsalimu mgonjwa kabla ya jamaa.

"Mama, umeamkaje? Naweza kukaa nawe kidogo?"

"Keti, Pasta."

Akijibiwa kwamba leo hapana, huaga na kurudi kesho.

Ombi hilo ni dogo, lakini mama huyo kwa majuma amegeuzwa, ameoshwa, amedungwa sindano na kujadiliwa mbele yake kana kwamba hayupo. Kuombwa ruhusa kunamrudishia heshima ya mwenye nyumba. Nimewatazama makatekista, wachungaji na akina mama wa makanisa wakiifanya kazi hii, na kila ninalolistahi katika ustadi wao linatoka hapo: anayekufa ni mwenyeji hadi pumzi ya mwisho, na anayekuja kumwombea ni mgeni.

Kaunti hizi mbili ziliisomea kazi hiyo katika shule ngumu. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilianza kutolewa bure Homa Bay mwaka 2001, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka. Kabla ya hapo, nyumba zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo miaka ya 1970, zilijikuta mstari wa mbele. Akina mama waliokwenda kusali rozari walifua mashuka kwanza, wakapika uji, wakamgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, ndipo wakapiga magoti. Siku hizi wengi wanaowatembelea wana saratani, lakini utaratibu umebaki uleule.

Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamaa na ya roho kwa pamoja, na Hospisi ya Nairobi ilileta mafundisho hayo Kenya mwaka 1990. Mchungaji wa Rongo au Mbita huenda hajalisikia jina la Saunders, ila swali lake la pili baada ya salamu hubeba wazo lilelile: "Usiku ulilala?" Kama dawa imeisha, sala itangoja; yeye hutoka nje kumpigia simu muuguzi. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, na jamaa wengi huiogopa. Wapo wanaodhani itamuua mgonjwa upesi, na wapo waliohubiriwa kwamba kunywa dawa ni kukosa imani. Maelezo ya muuguzi pekee hayatoshi kuifungua chupa hiyo. Pasta akisema mbele ya wote kwamba dawa nayo ni rehema ya Mungu, hufunguliwa.

Yanayofuata ni kusikiliza, na hapa ndipo ufundi unapokuwa mgumu. Mgonjwa anaweza kusema kwamba maradhi yake ni chira, adhabu ya kuvunja miiko ya wazee. Mchungaji mchanga hukimbilia kukemea. Mkongwe huuliza: "Ni nani ungependa aje?" Mara nyingi jina linalotajwa ni la ndugu waliyegombana kwa ajili ya mpaka wa shamba, au la mtoto aliyefukuzwa. Mchungaji humtafuta mtu huyo, humleta hadi mlangoni, kisha hukaa nje chini ya mti. Upatanisho ni wa hao wawili.

Huulizia pia madeni, watoto, na mahali pa kuzikwa. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986 na hakuzikwa hadi Mei 1987, kwa sababu mjane wake, Wambui, na ukoo wa Umira Kager walikuwa wakiugombania mwili mahakamani. Kwa hiyo swali la kaburi huulizwa wakati mwenyewe bado anaweza kujibu, mke na wazee wa ukoo wakisikia.

Tena nyumba moja inaweza kuwa na makanisa matatu. Waadventista wako Gendia tangu 1906. Dayosisi Katoliki ya Homa Bay, inayozihudumia kaunti zote mbili, iliundwa 1993. Na Legio Maria, iliyozuka miaka ya 1960, ina mlima wake mtakatifu Got Kwer, Migori. Baba Msabato hatakubali mazishi ya Jumamosi, siku ambayo majirani wengi huzika. Mchungaji mwenye busara huyamaliza hayo mapema na viongozi wenzake, bila kumsumbua anayeondoka kwa ushindani wa madhehebu.

Sala huja mwisho, na huwa fupi. Kwa mtu anayehema kwa shida, zaburi nzima ni mlima. Padri akifika hupaka mafuta kwenye paji la uso na viganja, kwa maneno machache. Asipofika, katekista huimba kwa sauti ya chini wimbo ambao mgonjwa aliujua tangu utotoni, huku binti akimlowesha midomo kwa pamba.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hema la matanga likishang'olewa na wageni wakishapanda matatu, mjane hubaki na deni la mochari, shemeji wanaozungumzia kumrithi, na shamba lisilolimwa. Fundi hurudi wakati huo. Husimama naye mbele ya ukoo na mbele ya chifu, na huleta vijana wa kanisa walime.

Wengi wa watu hawa hawalipwi, na nauli ya bodaboda hutoka mfukoni mwao. Makanisa yanayochanga mamilioni kwa majengo yatenge fungu kwa nauli hiyo, na yawaalike wauguzi wa tiba ya kutuliza maumivu kuja kuwafunza wanaojitolea. Na likitaka kujua kama mchungaji wake anaifahamu kazi, kanisa lisihesabu umati wa siku ya mazishi. Limuulize mjane ni nani aliyerudi.