Injini ya Chombo cha Angani katika Bunilizi: Swali la Mulongwe

Makala haya yanakusudia kuhakiki jambo moja katika bunilizi za kisayansi za Kiswahili, nalo ni nguvu inayokisukuma chombo cha angani. Wahakiki wengi huwaachia wahandisi suala hili. Kwa mtazamo wetu ni suala la maudhui, kwani injini ndiyo inayoamua safari itachukua muda gani, nani atabaki nyuma, na mafuta yatalipiwa na nani.

Msomaji wa Mulongwe, hapa Uvira, hahitaji kufundishwa hayo. Aliyewahi kupakia bidhaa katika boti ya kwenda Baraka anajua kwamba kila pipa la mazutu, kama tuyaitavyo huku mafuta ya dizeli, huchukua nafasi ya magunia. Tsiolkovsky alilionyesha jambo hilo kwa hesabu mwaka 1903: roketi hubeba mafuta ya kubebea mafuta. Roketi itumiayo mafuta ya taa na oksijeni, inapoondoka kwenda kuizunguka dunia, karibu sehemu tisa kwa kumi za uzito wake ni mafuta hayo na oksijeni yake.

Tuitazame Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo kilichokusudiwa kumwua. Anafaulu kukiendesha, na kinamfikisha Walenisi, nchi ya usawa. Ishara kuu hapa ni usukani: mnyonge ametwaa kilichoundwa kumwangamiza. Ishara hiyo ina nguvu, wala hatuna haja ya kuipunguza. Hata hivyo, chombo chenyewe kinakwenda kana kwamba mwendo hauna gharama. Kwa mwanasosholojia, ambaye riwaya yake ya 1984 inaitwa Mafuta, jambo hili linashangaza. Mtu aweza kujibu kwamba istiara haidaiwi uhandisi. Ni kweli, lakini istiara inayouliza nani anakula jasho la nani haiwezi kupewa mafuta ya bure.

Mfano halisi haukuwa mbali nasi. Magharibi ya ziwa letu, kaskazini mwa Shaba karibu na mto Luvua, kampuni ya OTRAG ya Ujerumani Magharibi ilirusha roketi mwaka 1977 na 1978. Mhandisi wake, Lutz Kayser, alichagua urahisi: mirija ya namna moja iliyofungwa pamoja kama fito, mafuta ya taa na asidi ya nitriki vikisukumwa na hewa iliyoshindiliwa, na vali zikifunguliwa na mota za waipa za gari. Injini hiyo rahisi ilihitaji ardhi kubwa, na Mobutu aliitoa: takriban kilomita za mraba 100,000. Roketi ya tatu ilishindwa mbele ya macho yake, na mwaka 1979 mradi ulifungwa nchini. Hapo pana riwaya nzima, na hadi sasa hatuijui ya Kiswahili iliyoigusa. Atakayependelea injini ya nyuklia naye anayo Shinkolobwe, iliyotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya 1945.

Lugha yenyewe inatupa njia nyingine. Neno chombo tumelichukua baharini, ambako nguvu ni tanga na nahodha hungoja kaskazi na kusi. Mwaka 2010 Wajapani walirusha IKAROS, chombo chenye tanga jembamba la mraba, upande wake ukiwa mita 14 hivi, lililosukumwa na mwanga wa jua. Tanga la namna hiyo halihitaji mafuta, ila huongeza mwendo polepole mno. Lingempa Dzombo kile ambacho riwaya haikumpa: miezi ya kukaa peke yake na hukumu yake, akikosea na kusahihisha, huku msomaji akimwona anavyojifunza kuushika usukani.