Msamiati Kabla ya Kinjeketile

Kipindi cha msamiati kabla ya kusoma tamthilia hudharauliwa, na si ajabu, maana mara nyingi hufanywa ovyo. Mwalimu anaujaza ubao maneno upande huu na maana zake upande ule, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Kesho yake kitabu kinafunguliwa na hakuna anayekumbuka hata nusu. Lakini wapo walimu wa fasihi ambao wamekigeuza kipindi hicho kuwa ufundi hasa, na sijui kitabu kinachoupima ufundi huo kuliko Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyotoka mwaka 1969.

Ukiifungua utadhani haihitaji msamiati wowote. Wahusika wanasema kwa sentensi fupi, za watu wenye njaa na hofu. Ugumu umejificha kwenye maneno ambayo mwanafunzi anaamini anayajua tayari, na mwalimu fundi huanzia hapo. Ni kama kuchagua mchele: punje unaziacha, unatafuta mawe.

Jiwe la kwanza ni Hongo. Kijana wa leo akilikuta jina hilo anacheka, kwani hongo anayoifahamu yeye hutolewa barabarani, dirishani mwa gari. Katika tamthilia, Hongo ni pepo wa majini, anayempanda Kinjeketile, mganga wa Ngarambe huko Rufiji, na kumkabidhi maji ya kuwaunganisha watu dhidi ya Wajerumani. Kicheko hicho kikija wakati mganga amepandwa na pepo, onyesho zima limeharibika. Kwa hiyo mwalimu anakiita mapema. Anaandika jina ubaoni, ananyamaza, anawaacha wacheke mpaka watosheke, ndipo anawapeleka Rufiji.

Mnyapara anahitaji muda zaidi. Kamusi itakwambia ni msimamizi wa kazi, na haijasema uongo. Ila msimamizi wa kazi yupo hata kiwandani, ana kalamu mfukoni, jioni anaagana na watu. Ili neno lipate uzito wake, mwalimu hana budi kurudi mwaka 1902, serikali ya Wajerumani ilipoanza kuwalazimisha watu wa kusini-mashariki kulima mashamba ya pamba ya pamoja. Watu waliacha mahindi na mtama wao wakapalilie mmea usiolika, kwa ujira ambao wengine waliona ni heri kuukataa. Mnyapara alisimama nyuma yao. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliing'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Baada ya maelezo hayo pamba nayo imeingia kwenye msamiati, ingawa hakuna orodha ya mwalimu yeyote ambayo ingeiweka humo.

Kisha neno litamkwe. Tamthilia imeandikwa kwa ajili ya mdomo, na mimi simwamini mwalimu anayefundisha msamiati wa jukwaani kwa chaki peke yake. Mmoja aseme “mnyapara” kama mtu anayemwona akija kwa mbali. Mwingine aseme kama mke ambaye mumewe yuko shambani tangu alfajiri. Hapo ndipo darasa linapogundua kwamba neno moja lina wenyewe wengi.

Liko pia jina ambalo walimu wengi hulipita bila kusimama: Seyyid Said. Sultani huyo wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja alifariki mwaka 1856, karibu miaka hamsini kabla ya vita. Pepo, kwa kinywa cha Kinjeketile, anawaahidi watu kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said. Asiyejua Seyyid Said ni nani ataisoma ahadi hiyo kama baraka tu. Anayejua atashtuka pamoja na Kinjeketile mwenyewe: tunamfukuza bwana mmoja tukaingie kwa mwingine? Mhimili wa tamthilia uko hapo, na maandalizi yake ni dakika tano.

(Mwalimu mwangalifu ataongeza kwamba Kinjeketile wa historia alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Yule wa jukwaani ni wa Hussein, na anaishi hadi aone kushindwa.)

Yaliyobaki yaachwe. Maji, kwa mfano, yasifafanuliwe kabla, maana tamthilia nzima inayabishania: ni dawa, ni umoja, au ni uongo? Mwishoni Kinjeketile amefungwa, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa kwa sababu neno lake litawafikia watoto na wajukuu. Darasa lililoandaliwa vizuri hugombana hapo, wengine wakimwona shujaa, wengine mkaidi aliyeua watu wake. Mwalimu atakayewakatiza ili aeleze maana ya neno lolote, wanafunzi wana haki ya kumtoa nje.